Jezi Namba Tisa Kabla ya Arobaini

Kwanza mjue hili: mimi sipendi raga na sijawahi kuipenda. Nilikuwa karani wa timu kwa sababu moja tu, mwandiko wangu unasomeka. Wanaume ishirini na kitu, walinzi wa maghala ya Jebel Ali huko Dubai, madereva, wahudumu wa hoteli, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujaza fomu ya ligi bila kurudishiwa. Basi wakaniletea mimi, dada wa mapokezi katika kliniki moja ya Oud Metha, wakasema ni ya wiki moja tu. Nilikaa nayo misimu mitatu.

Ligi yenyewe ilikuwa ya daraja la pili, na raga yake ile ya watu kumi na watatu kila upande, si ya kumi na watano tuliyoizoea kwetu Kenya. Daraja la kwanza walicheza kwenye nyasi, jioni, chini ya taa, wake zao wamekaa kwenye viti vya kukunja. Sisi tulipewa uwanja wa mchanga uliomwagiwa maji, Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, ili Waislamu wawahi swala na jua lisitumalize. Bingwa wa daraja letu ndiye aliyepandishwa kwenda huko kwenye nyasi. Niliutaka huo upandaji kuliko wachezaji wenyewe, nakiri. Nilitaka siku moja nikae kwenye kiti cha kukunja.

Nilikuwa nafua jezi kwenye beseni la chumba chetu Bur Dubai na kuzianika juu ya paa. Nilikuwa natunza kadi. Kila mchezaji alikuwa na kadi ya ligi iliyopigwa plastiki, yenye picha ya pasipoti, majina mawili na namba. Kabla ya mechi refa aliwapanga mstari, akasoma jina kwenye kadi, mwenyewe akaitika na kupiga hatua moja mbele. Na mechi ikianza nilikuwa nahesabu, maana mkibadilishana ovyo mkajikuta kumi na wanne uwanjani, mnaadhibiwa. Nilihesabu mpaka ikawa ugonjwa. Hata leo nikiingia kwenye lifti nahesabu watu.

Namba tisa wetu alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, mlinzi wa zamu ya usiku. Katika mchezo huu kila mtu akiangushwa, ni namba tisa anayeuokota mpira na kuamua uende wapi, kwa hiyo mechi nzima sauti unayoisikia ni yake. Alitafuna karafuu kutwa kwa ajili ya jino lililomsumbua, jino ambalo aliogopa kuling'oa, mwanaume mzima. Kamba za viatu alizizungusha kifundoni mara mbili kabla ya kufunga, taratibu, kama anayefunga mzigo wa safari. Na kila Ijumaa akishuka kwenye basi la kampuni alinijia moja kwa moja: "Shikamoo, dada."

Alinizidi miaka mitatu. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyemjazia fomu ya ligi. Nikamwambia, "Mimi si bibi yako." Akacheka, akasema mwenye kadi ndiye mkubwa wetu sote. Sikumwitikia hata siku moja. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume, na kusema "marahaba" niliona ni kujitia uzee bure.

Wiki mbili kabla ya mechi za mtoano alirudi kwenye kambi ya wafanyakazi asubuhi kutoka zamu, akalala, hakuamka. Kwenye cheti wakaandika kwamba moyo umesimama, nikajiuliza ni maiti gani ambaye moyo wake haukusimama. Nilisaidia kuandika karatasi za kusafirisha mwili, kwa sababu ya mwandiko huohuo wangu. Ndipo nilipoyaona majina yake matatu kwa ukamilifu, lake, la baba na la babu. Mwili ukaenda Tanga. Jezi yake ilibaki kwenye kamba yangu ya nguo, na kadi yake kwenye kopo langu la maziwa ya unga, pamoja na za wenzake.

Sasa ndugu yangu. Mdogo wangu wa kufuatana na mimi, miaka ishirini na miwili, alikuwa amefika mwezi uleule kutoka Kakamega kuja kuwa mlinzi Jebel Ali. Mama alinipigia siku ndege inaondoka. "Nakupa huyu akiwa mzima," alisema. "Nataka unirudishie mzima." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alikuwa kijana wa kelele, mdomo mrefu, ananiita siz hata mbele ya madaktari wa kliniki, kamba za viatu zikining'inia mpaka nikachoka kumwambia azifunge. Shuleni alicheza raga, nafasi hiyohiyo ya kuokota mpira.

Tatizo lilikuwa sheria. Mtu ambaye hakucheza mechi nne za msimu haruhusiwi kwenye mtoano. Sisi tulimaliza wa nne, maana yake tulihitaji kushinda Ijumaa tatu mfululizo, na hatukuwa na namba tisa. Wazo lilikuwa langu. Miaka mingi nimejaribu kulisukumia mtu mwingine, lakini ni langu. Yule refa alikuwa amewahi kuniita mara mbili kwa jina la dada anayesafisha vyoo vya uwanja, na yule dada ni Mhabeshi mwembamba, mimi ni hivi nilivyo. Nikasema huyu hatazami nyuso zetu, anatazama kadi. Hasira ndiyo iliyonifikirisha, na nikajiona mjanja.

Mchezaji mmoja tu ndiye aliyenipinga, Mpare mmoja tuliyemwita Mzee ingawa hakuwa amepita miaka arobaini na mitano. Alikuwa amelala kitanda cha chini, na marehemu cha juu yake, kwa miaka minne.

"Dada," alisema, "huyo hatujamsomea hata arobaini. Unampa mtu mwingine jina lake aitike?"

"Ni kadi tu, Mzee."

"Haya. Mimi nimesema."

Ijumaa ya kwanza refa akasoma kadi ya namba tisa. Wenzake wote walitazama chini. Ndugu yangu akaitika vizuri, akapiga hatua mbele, akanikonyeza. Tukashinda. Katikati ya kipindi cha pili nilihesabu watu wetu nikapata kumi na wanne. Nikahesabu tena, kumi na watatu. Nikalaumu jua na kulala kwangu vibaya, nikaendelea na kazi.

Nyumbani nilipoitoa ile jezi mfukoni niifue, ilinukia karafuu. Nikasema ni harufu ya zamani imeamshwa na jasho. Niliifua mara mbili, nikaisuuza kwa maji ya moto, nikaianika. Jioni nilipokwenda kuianua ilikuwa imekauka na kunukia palepale, na nilikuwa peke yangu juu ya paa. Sikukaa kuikunja. Niliibeba hivyohivyo nikashuka ngazi haraka.

Ijumaa ya pili refa alikuwa hajalisoma jina la namba tisa. Alikuwa bado anaitazama kadi, hajafungua mdomo, ndugu yangu akaitika na kutoka mbele. Refa akatabasamu, akadhani ni hamu ya mchezo. Mimi nilitazama miguu yake. Kamba za viatu zilikuwa zimezungushwa kifundoni mara mbili.

Wakati wa mapumziko nilimvuta pembeni. "Nani kakufundisha kufunga viatu hivyo?"

Akainama kuvitazama. "Hivi vipi, siz?"

"Hivyo."

"Si ndiyo vinavyofungwa?" Alisema bila mzaha, yeye ambaye hawezi kusema jambo bila mzaha. Kisha akarudi uwanjani akaanza kupanga watu, na maneno aliyokuwa akiyapaza yalikuwa yale ya marehemu, namba za mipango yao ya mwaka jana walizokuwa wameziacha. Wachezaji wa zamani waliziitikia miguu yao ikienda yenyewe. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja nani alimfundisha. Kila mmoja alidhani ni mwingine. Nikamfikia Mzee. Alikuwa anakunja bandeji yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Tulishinda. Siku ile niliogopa, na nitasema wazi nilichofanya na uoga wangu: niliuficha. Fainali ilikuwa imebaki wiki moja. Nilimpigia simu kila jioni, nikimsikiliza kama vile tunavyowasikiliza wagonjwa kwenye simu kliniki, sauti kwanza, maneno baadaye. Alikuwa anajibu vizuri. Alikuwa ametulia. Mama naye alipompigia aliniambia, "Mtoto amekuwa na adabu siku hizi, Dubai imemfunza." Nikamwambia ni kweli. Nilikuwa nimeziona zile kamba za viatu, na bado nikamwambia ni kweli.

Fainali walituruhusu kucheza kwenye nyasi. Tulipofika hatukuziona. Ukungu wa baharini ulikuwa umelala juu ya Jebel Ali yote, kreni za bandari zimepotea, milingoti ya goli la mbali imepotea, na zile nyasi zilizomwagiwa maji yaliyosafishwa zilinuka kidogo kama mtaro. Tulisubiri nusu saa. Refa akatembea mpaka katikati, akatuuliza kama tunamwona. Tulimwona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Akasema inatosha, yalla, tuanze.

Wapinzani walikuwa timu ya walimu wa shule za kizungu, warefu, wenye sauti kubwa. Wakikimbia upande wa mbali walikuwa wanazama kwenye ukungu na tunabaki kusikia pumzi, vishindo, na sauti ya namba tisa wetu ikipanga watu. Sauti ilikuwa ya ndugu yangu. Lafudhi haikuwa ya Kakamega.

Nilihesabu. Kumi na wanne. Nikamwomba mtu wa meza ya ligi, aliyekaa kando yangu na kalamu yake, naye ahesabu. Akahesabu kwa kidole. "Kumi na watatu, madam." Nikahesabu tena, nikianzia upande mwingine. Namba tisa alikuwa amepiga magoti karibu yetu, ananyoosha soksi. Nikaendelea mpaka mwisho wa mstari, kule ukungu ulikokuwa mzito, na huko kulikuwa na mtu wa jezi yetu amesimama ametupa mgongo. Namba mgongoni kwake niliisoma vizuri. Nikarudisha macho kwa aliyepiga magoti, naye alikuwa bado yupo.

Nikaacha kuhesabu.

Zilibaki dakika kumi, tunaongoza kwa pointi mbili, ndugu yangu alipoumia. Aliinama kuuokota mpira, goti la mwalimu mmoja likamkuta kwenye upande wa kichwa. Nilisikia sauti ya pigo, mlio mkavu, kabla sijaona. Nikakimbia na kadi mkononi kama sheria inavyotaka. Mhudumu wa huduma ya kwanza, Mfilipino mpole, alikuwa tayari ameshamkalisha, anammulikia macho na kumwuliza maswali wanayoulizwa waliogongwa kichwa.

"Tuko wapi?"

"Jebel Ali."

"Nani anaongoza?"

"Sisi. Kwa mbili."

"Jina lako nani?"

Akayataja. Jina la marehemu, la baba yake, na la babu yake. Matatu, kwa mpangilio, taratibu, kama mtu anayejibu kwenye dirisha la ofisi. Kadi ilikuwa na mawili tu. La tatu nililiona mimi kwenye pasipoti, nikiandika karatasi za kusafirisha mwili, na hakuna mtu niliyewahi kumtajia.

Mhudumu alichukua kadi mkononi mwangu akasoma. "Mawili ni sawa," akasema. "Na hili la mwisho?"

Alikuwa ananitazama mimi. Ningesema neno moja tu, huyu si huyo, angemtoa uwanjani. Lakini ningekuwa nimesema pia kwamba tumedanganya Ijumaa tatu, na khalas, fainali imekwenda, nyasi zimekwenda, kiti changu cha kukunja kimekwenda. Zilibaki dakika kumi.

"La babu yake," nikasema.

"Basi akili yake iko sawa. Arudi."

Na akarudi. Nilimwacha mtoto wa mama yangu, aliyegongwa kichwa na kujibu kwa jina la maiti, akarudi kwenye ukungu ule. Nimeungama mambo mengi kanisani na hili sijawahi kuliungama, kwa sababu sijui padri angeliita dhambi gani.

Nikarudi kwenye meza, na kwa mazoea nikahesabu. Kumi na watatu. Nikahesabu tena kutoka upande ule, kumi na watatu. Kule mwisho wa mstari hapakuwa na mtu. Wapo wote, kila mmoja mahali pake, namba tisa mmoja tu, na kwa mara ya kwanza tangu mtoano uanze hesabu yangu ilikuwa sawa. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilijua amepungua mmoja, na nilijua aliyepungua si marehemu.

Niliingia uwanjani. Mpira ulikuwa unachezwa, watu wananipita pande zote wakinitukana kwa Kiingereza, filimbi inalia, refa anapiga kelele, madam toka, madam toka. Nikamfikia ndugu yangu nikamshika mkono. Nikamwita kwa jina la nyumbani, lile la utotoni ambalo mama peke yake na mimi tunalitumia. Hakugeuka. Nikamwita tena. Alinigeukia kwa upole, kama anayeguswa bega na mtu asiyemjua sokoni, na pumzi yake ilinukia karafuu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Ndugu yangu hajawahi kumwamkia mtu shikamoo maisha yake yote. Kwetu hatuamkiani hivyo.

Refa alikuwa amefika. Nikamwambia, "Kadi hii ni ya mtu aliyekufa. Huyu ni ndugu yangu." Akaichukua, akaitazama picha, akamtazama ndugu yangu, akaitazama tena, na nikaona anatafuta tofauti na haioni. Nilitaka kumcheka. Kisha mimi mwenyewe nikautazama uso ule niliouogesha na kuulisha uji, na kwa muda kidogo, Mungu anisamehe, nami sikuiona.

Mzee alikuwa amekuja, amesimama nyuma yake, mikono tayari kumdaka. Alinong'ona, "Mwitikie, dada. Alikuwa anangoja umwitikie."

Nilikuwa nalia. "Marahaba," nikasema. "Marahaba, kaka. Nisamehe. Jina lako ni lako. Nenda nalo, uniachie huyu, ana mama yake."

Magoti yake yakakunjika, Mzee akamdaka, na akatapika kwenye nyasi. Alipoinua kichwa alitazama huku na huku, akaniona machozi, akakunja uso. "We siz," alisema. "Kwani kumetokea nini? Na nani amenifunga hivi viatu?"

Walimu walipewa kikombe palepale. Sisi tulifutwa kwenye ligi, na wengi wa wachezaji wetu hawakuniamkia tena. Sikuwalaumu, na nao sikuwabembeleza. Ndugu yangu alilazwa siku mbili. Hakumbuki chochote cha asubuhi ile, wala, anasema, sehemu kubwa ya Ijumaa mbili za kabla yake.

Siku ya arobaini nilikwenda na Mzee kwenye chumba ambacho Watanzania walikusanyika kumsomea marehemu. Nilikaa na akina mama jikoni, mimi Mkristo, nimejifunga mtandio wa kuazima, nikamenya vitunguu. Kadi na jezi nilimkabidhi mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Tanga. Mama wa marehemu alizipokea, akanitumia salamu. Aliuliza tu kwa nini jezi ina jasho bichi.

Ndugu yangu sasa yuko Kakamega, ana watoto watatu na mdomo uleule. Hunipigia simu Jumapili. Mimi nikipokea sisemi halo. Naweka simu sikioni na kunyamaza, namwacha aanze yeye, naye huona ni mzaha wangu wa kizee na hunichelewesha makusudi. Nasikia pumzi tu. Nangoja, nimeshika ukingo wa meza, mpaka aseme, "We siz."